Maji ya Kwanza ya Semliki

Katungu hakuwa na kipaji cha kukaa. Hata akikaa, goti lake moja lilikuwa safarini. Nyumbani kwa mkwe wake, Butembo, walimtengea kiti cha mbali na meko, maana sufuria za mboga ya sombe zilizokwisha kupinduliwa na goti lile zingelisha kwaya nzima. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mpandishe nyuma ya pikipiki kwenye barabara ya Beni kwenda Butembo, mwezi wa nane mwaka wa elfu mbili, vita vikiwa vimekwisha kuzoeleka kama jirani mlevi, mfungie sanduku la chupa mgongoni kwa kitenge na kamba, kama mtoto, halafu umwambie atulie.

"Shemeji, ukicheza tena tunaingia mu mufereji," alisema Zorobabel bila kugeuka.

"Hapana nacheza. Niko naangalia kamba."

"Kamba uliiangalia ku daraja, ukaiangalia Beni, ukaiangalia pale tulisimama nikojoe. Sasa ile kamba iko na haya."

Zorobabel alikuwa mdogo wa mume wake, na mila ilimpa haki ya kumtania mke wa kaka. Haki hiyo aliitumia asubuhi na jioni, kama mtu aliyeandikiwa na daktari. Zamani aliuza makala, yale makaa ya kupikia. Kisha lori la makala likachukuliwa, akanunua pikipiki. Pikipiki nayo ikaazimwa na watu wenye bunduki, na wenye bunduki hawana desturi ya kurudisha. Hii ilikuwa ya pili. Aliipenda kiasi kwamba ikilala aliifunika blanketi, yeye akabaki na shuka.

"Nielezee tena," alisema. "Mimi nimeuza makala miaka mingi. Wewe unasema mu hii maji mna makala."

"Kaboni."

"Si ni ile ile?"

"Ni ile ile, lakini imeyeyuka. Haionekani."

"Na inaweza kuchemsha chai?"

"Hapana."

"Donc tumetoka Butembo, tumepita fasi ya simba na ya waasi, tumeenda kuchota makala isiyoonekana na isiyochemsha chai." Alitikisa kichwa. "Kaka yangu alinikataza kuoa mwanamke wa shule. Kumbe alikuwa anajisemea."

Katungu alicheka, lakini mkono ukaenda kwenye kamba.

Alikuwa akifundisha kemia katika shule moja ya sekondari Butembo, na kwa miaka kadhaa sasa alikuwa akiufuata mto Semliki kama mwanamke anayemfuatilia mume asiyeaminika: uko wapi, umekula nini, umetoka na nani. Wakati wa kiangazi mto ule unakula kile tu unachopewa na Ziwa Edward, maji ya kijani kidogo, na yale yanayotoka chini ya mawe. Huko msituni wakati huo majani yanaanguka, yanalala, yanaoza polepole bila haraka ya mtu. Kisha inakuja mvua ya kwanza. Mvua hiyo inayaloweka majani yote ya kiangazi kwa pamoja, kama mtu anayepika chai kwa msitu mzima bila moto, na chai hiyo inashuka mtoni kwa siku chache tu, rangi ya kahawia, nzito, imebeba kaboni ambayo mto hautaipata tena mpaka mwaka mwingine. Kutoka hapo inasafiri. Nyingine inapaa njiani kama pumzi, nyingine inaingia Ziwa Albert, na ikibahatika inafika Misri kwa njia ya Nile. Ni kiasi gani, na kinatoka wapi majira gani, ndilo swali lililomzuia Katungu kukaa.

Maji ya kiangazi alikwisha kuyapima. Ya katikati ya masika pia, na ya mwisho wa mvua. Ya kwanza tu ndiyo yalikuwa yakimkimbia. Mara moja alifika mto umekwisha kujisafisha. Mara nyingine barabara ilifungwa, akabaki Beni akisikiliza mvua juu ya bati kama mtu anayesikiliza gari lake likiondoka bila yeye. Mwaka huu alikwenda mapema, akalala Mutwanga akingojea, na mvua ilipopiga alikuwa darajani kabla tope halijafika kwenye nguzo. Chupa zilijaa. Abbé Gérard, padri aliyekubali kumbebea chupa, alikuwa anaruka kesho asubuhi kutoka Butembo kwenda Kampala, na kutoka huko Ulaya, kwenye maabara yenye mashine. Baada yake, hakuna aliyejua lini mtu mwingine angeruka.

Lilibaki jambo moja ambalo Zorobabel hakulipenda. Katika maji ya mto mna vijidudu, na vijidudu havina tofauti na wageni wa arusi: ukiviacha na chakula, utakuta sahani tupu. Mpaka chupa zifike Ulaya, kaboni ingekuwa imeliwa yote. Kwa hiyo kila chupa Katungu aliitia dawa ya zebaki, na kwa sababu joto la Beni ni kali na safari ni ndefu, aliitia kwa mkono usio bahili. Vijidudu vilikufa papo hapo. Mtu aliyeyanywa angechelewa kidogo kufa, figo zikimtangulia.

"Mutu akiuliza, unasema ni maji tu," alikuwa amemwagiza Zorobabel. "Neno sumu lisitoke mu kinywa yako."

Halikuhitaji maelezo. Mwezi uliopita, Beni, mchuuzi wa maji alipigwa na watu wa soko mpaka akazimia, kwa uvumi kwamba kuna watu wametumwa kutia sumu visimani. Bidoni zake zilikuwa na maji ya bomba.

Kizuizi kilikuwa pale barabara inapomaliza kupanda Kabasha, mahali ambapo pikipiki inafika ikihema na haina nguvu ya ubishi. Mwanzi mmoja juu ya mapipa mawili, kibanda cha turubai, kuku kadhaa ambao zamani walikuwa na wenyewe, na askari wa waasi wasiozidi kumi. Mkubwa wao, ambaye wengine walimwita Commandant Sadrack, alikuwa na taulo shingoni kama mtu aliyekatizwa kuoga.

"Zima moto," alisema. Akamzunguka Katungu. "Mama, mutoto gani huyu wa pembe ine?"

"Si mutoto, chef. Ni maji."

"Fungua."

Alifungua kitenge, akaweka sanduku chini, akainua kifuniko. Chupa zilikuwa zimelala mle, kila moja imeviringwa plastiki nyeusi ili mwanga usiingie. Sadrack alivua moja nguo, akaiinua juani. Kahawia. Askari waliokuwa wamelala walikaa. Waliokuwa wamekaa walisimama.

"Maji ya fasi gani?"

"Ya Semliki. Ni ya masomo. Ya kupima."

"Butembo hakuna maji?"

"Iko, mais..."

"Donc mutu anatoka Butembo, anapita barriere yote, anaenda kuchota maji michafu ya Semliki, anaifunga mu plastiki nyeusi, anaibeba ku mugongo sawa mutoto. Halafu anatuambia ni maji tu."

Hata Katungu, akiisikia kazi yake ikisimuliwa namna ile, aliona kwamba mtu huyu ana hoja.

Milimani, kwa upande wa magharibi, kulikuwa na Mayi-Mayi, na kila mtoto wa Kivu alijua habari zao: kabla ya vita wananyunyiziwa maji ya dawa, na risasi zikiwafikia zinageuka maji vilevile. Maji yale yaliandaliwa kwa siri, yakabebwa kwa siri. Hakuna aliyeyaona chupani, kwa hiyo kila mtu alijua yanavyofanana.

"Kama ni maji tu," alisema Sadrack, akimnyooshea ile chupa, "kunywa."

Mikono ya Katungu, ambayo tangu alfajiri haikukaa sehemu moja, ilikaa.

"Ni michafu, chef."

"Vita yote tumekunywa michafu. Kunywa."

Zorobabel alijitosa. "Chef, huyu shemeji yangu ni mu-Protestant. Hata pombe ya kasikisi anaikataa, utasema nini ya tope?"

"Wewe nimekuuliza?"

"Hapana, chef. Nimejiuliza mwenyewe."

Askari mmoja alicheka, akaacha alipoona mkubwa wake hacheki. Chupa ilibaki hewani kati ya watu wawili. Katungu aliitazama, na akili yake ikakimbia huku na huku kama kuku aliyefungiwa jikoni. Akinywa, amekwisha. Akisema kwa nini hanywi, yatampata ya mchuuzi wa Beni, na huku wana bunduki.

"Unaona, chef? Hapana kunywa," ilisema sauti nyuma. Aliyesema alikuwa askari mtu mzima, mwenye mvi za kwanza kwenye ndevu, Mnande mwenzao kwa matamshi yake. Alisogea akiwa ameishika kofia mkononi, kama mtu anayeingia kanisani kwa kuchelewa. "Ile maji hainywiwe ovyo ovyo. Anajua masharti yake."

"Lusenge, nyamaza."

"Chef, Jumamosi, siku ya posho, tunapanda tena ku milima ya Mayi-Mayi. Juma lililopita tulipanda, tukamuacha Kasonia na wengine maiti. Wao hawakuacha mutu." Alilamba midomo. "Mimi nasema, kwa nini ikuwe ya bale tu? Tunyunyizie hata sisi. Tukunywe kidogo. Huyu mama aende zake salama."

Hakuna aliyecheka. Kumbe mchana waliwapiga vita watu wa milimani, na rohoni waliwaonea wivu. Askari walianza kusogea, mmoja mmoja, macho yote sandukuni, na Katungu aliona kitu ambacho hakukitegemea katika nyuso za watu wa kizuizi: walikuwa wanaomba. Mmoja alikuwa amekwisha kuleta kikombe.

Sadrack alifuta jasho kwa taulo. Alitazama barabara, akatazama milima. Kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu ya adabu, "Mama, tusigombane. Unatuachia nusu. Nusu yako unaenda nayo. Hakuna mutu atakugusa, hapa mpaka Butembo."

Zorobabel aliinama kana kwamba anakaza mnyororo, akamnong'oneza kwa Kinande. "Chukua nusu twende. Abbé anangoja."

"Watakunywa."

"Wamesema wenyewe. Si wewe umewapa kikombe."

"Zorobabel, watakufa wote hawa."

"Siku ya posho wanaenda kufa hata hivyo. Na waliochukua pikipiki yangu walivaa viatu sawa na hivi."

Katungu tayari alikuwa akigawa chupa kichwani. Nusu ilitosha. Nusu ilikuwa mwaka mzima, ilikuwa lile shimo la mwisho limezibwa, ilikuwa Abbé Gérard kesho akipanda ndege na mto mkobani. Alikuwa amefika kwenye chupa ya mwisho ya nusu yake alipomwona Lusenge amepiga magoti kando ya sanduku, mikono amekunja mbele kama anayepokea meza ya Bwana, kikombe cha bati kikiwa katikati.

Basi mdomo wa Katungu ukasema kabla yeye hajauruhusu.

"Hii maji imeharibika."

"Imeharibika namna gani?" aliuliza Sadrack.

"Ni mimi nilijaza. Kwa mikono yangu. Ni mimi nimeibeba ku mugongo tangu asubuhi." Alivuta pumzi. Shemeji yake alikuwa amesimama pale pale, na maneno yaliyobaki si maneno ya kusemwa mbele ya shemeji, wala mbele ya askari, wala mahali popote penye jua. "Na niko mu siku zangu."

Lusenge aliangusha kikombe. Wengine walirudi nyuma pamoja, wakikanyagana, kama watu walioona nyoka kwenye nguo za arusi. Maana kama kuna sharti moja la maji yale linalojulikana hata na watoto wa kunyonya, ni hilo: mwanamke asiyaguse, na mwanamke aliye katika siku zake asiyapitie hata kwa mbali. Yakiguswa hivyo hayapoi tu. Yanageuka. Yanaita risasi kwa jina.

Zorobabel aliikazia macho tairi ya mbele kwa bidii ya fundi.

"Na wewe ulikuwa unatuachia?" alisema Sadrack.

"Niliogopa, chef."

"Mwanamke wewe." Alikuwa amekwisha kuirudisha ile chupa sandukuni, akijifuta vidole kwa taulo, halafu akaitupa taulo. Katungu aliinama haraka kufunga kifuniko, na kwa punje ya muda aliamini kwamba ameokoa vyote viwili, watu na maji. "Uache hapo. Ile kitu haipite ku barriere yangu. Haiende Butembo, hairudi Beni. Mwaga."

"Chef, si imekwisha kuharibika, wacha niende tu na..."

"Mwaga yote."

Mtutu wa bunduki ulionyesha sanduku. Haukuwa na haraka, lakini haukuwa na mzaha.

Katungu alitazama pale alipoambiwa amwage. Kuku walikuwa wakichokora. Chini kidogo ya barabara, mfereji ulishuka kwenye mashamba ya maharage, na mwisho wa mashamba mwanamke alikuwa akiosha mihogo.

"Nipeni jembe," alisema.

"Jembe ya nini?"

"Haimwagwe juu ya ardhi."

Wakatazamana. Jembe likaja, likatupwa kwake kwa mbali. Alipanda kando ya barabara mahali pakavu, mbali na mfereji, akachimba. Alichimba kwa hasira, udongo ukiruka mpaka barabarani, na mara mbili Zorobabel alitaka kumsaidia, mara mbili akamkatalia. Shimo lilipomfika gotini alivaa glavu zake za mpira, akafungua chupa ya kwanza, akaimimina polepole. Kahawia. Harufu ya majani, ya chini ya msitu, ya kiangazi kizima. Kisha ya pili. Alipokuwa akimimina machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya glavu, akayaacha.

Alipoinua kichwa aliwakuta askari wote wamevua kofia.

Hapo ndipo alipoelewa kosa lake, kama ni kosa. Shimo lile, glavu zile, machozi yale: kama kulikuwa na askari aliyebaki na shaka kwamba ile ilikuwa dawa kweli, sasa hakuna. Na Lusenge hakuwa anatazama chupa. Alikuwa anatazama tope la shimoni.

"Mama," alisema, kwa upole. "Na mutu akipaka tu ule udongo? Hapa ku kifua? Baada ya mvua kuisafisha?"

"Atakufa," alisema Katungu.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Wewe utakufa, mimi nitakufa, chef atakufa. Kuku akichokora hapa atakufa na atakayemla atakufa. Muweke mawe."

Tangu afike kizuizini hakuwa amewaambia ukweli hata mmoja uliosikika vizuri. Huu waliusikia. Waliyabeba mawe wenyewe, Sadrack akisimamia, mpaka juu ya shimo kukawa na rundo la kufika kiunoni. Lusenge aliweka la mwisho. Halafu mwanzi ukainuliwa, na hakuna aliyewadai kitu.

Walikwenda kama kilomita mbili. Zorobabel, ambaye angeweza kutania kwenye mazishi yake mwenyewe, alikuwa amenyamaza kama mtu aliyemeza funguo. Hatimaye alisimamisha pikipiki kwenye kona ambapo nyumba za Maboya zilianza kuonekana.

"Shemeji. Ile neno ulisema kule..."

"Ilikuwa ya uongo."

"Namshukuru Mungu." Alikohoa. "Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia tairi. Iko na tatizo kubwa, ile tairi."

Katungu hakucheka. Alikuwa amegeuka kutazama walikotoka. Mbali, upande wa Ruwenzori, mawingu yalikuwa yamejikusanya meusi, na chini yake mvua ilikuwa imening'inia kama pazia. Goti lake lilianza.

"Geuza," alisema.

"Geuza wapi?"

"Beni. Tunalala Beni, alfajiri tuko ku daraja."

"Abbé anaruka kesho."

"Aruke."

"Donc utachota ya nani?"

"Nitachota. Chupa ninazo, nitazisuuza ku mto. Dawa imebaki." Aligonga mfuko wa koti. "Nitaiweka chini ya kitanda mpaka mutu mwingine aruke. Mwaka huu ao mwaka kesho."

"Mais si ulisema ya kwanza ndiyo yenyewe. Leo imepita. Kesho itakuwa ya pili."

"Itakuwa ya pili," alikubali Katungu. "Nyepesi kidogo. Labda nusu. Majani hayaishi yote kwa mvua moja, Zorobabel. Kuna yale ya chini."

"Na ile ya kwanza?"

Katungu alikuwa anafunga kitenge upya, sanduku jepesi mgongoni, chupa tupu zikigongana mle ndani kwa sauti ambayo ilimkera, akalifungua tena, akaviringa chupa na sweta lake, akafunga.

"Ya kwanza iko mu Kabasha chini ya mawe," alisema. "Geuza."

Zorobabel aliigeuza pikipiki polepole, akiisemesha kwa sauti ya chini kama mtu anayemwomba punda radhi. Waliposhuka kuelekea kizuizi, askari waliwaona kutoka mbali. Hakuna aliyepiga filimbi. Mwanzi uliinuka wenyewe, na watu wote wakahama barabara, wengine mpaka ndani ya maharage, Commandant Sadrack akiwa wa kwanza.

"Tangu vita ianze," alisema Zorobabel wakipita, "mimi sijapita barriere bila kusimama. Shemeji, kila safari nitakubeba."

"Endesha."

"Naendesha."

"Endesha mbio. Ikinyesha Ruwenzori sasa hivi, mto utapanda usiku, na sisi tutakuwa Beni tumelala."

Upepo uliwaletea harufu ya mvua ambayo bado haijafika. Katungu alijiinua juu ya kiti ili aone vizuri mawingu yanaelekea wapi, na pikipiki ikayumba kuelekea mferejini.